Maveterani wa Mbeya na Iringa: Daluga zimetundikwa, fimbo zinasubiri

Jumapili asubuhi, jua la Mbeya likiwa bado halijapata nguvu, kwenye viwanja vya shule na vya mitaani picha huwa ni ile ile. Watu wazima wa miaka 45, 50, wengine 60 na ushee, wamekaa kwenye nyasi zenye umande wakivuta soksi. Mmoja anafunga bandeji gotini. Mwingine anamwita kocha pembeni: "Kocha, mimi nipe dakika 20 tu, za mwisho." Mbuzi amefungwa nyuma ya goli, na atachinjwa awe ameshinda huyu au yule. Iringa nako ni hivyo hivyo.

Bonanza la maveterani ni raha, na hakuna wa kulibeza. Watu wanakutana, wanataniana, wanakula nyama, wanazikana. Lakini wamo humo humo wazee ambao moyoni kuna kitu wanakikosa. Jumatatu hakuna msimamo wa ligi. Hakuna pointi, hakuna kupanda wala kushuka. Mtu ambaye zamani alikuwa akifungwa bao moja halali usiku, leo anafungwa sita kwa mbili na dakika kumi baadaye anaombwa asogeze chumvi. Amezoea, lakini hajapenda.

Hesabu yake si ngumu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, walitoka Rungwe wakabeba ubingwa wa Tanzania Bara na kuwaacha Simba na Yanga wakitazamana. Kijana aliyekuwa na miaka 22 siku zile sasa amevuka 60. Waliokuwa na miaka 40 msimu wa 2013/14, wakijaza Sokoine kuwaona Mbeya City wageni wa ligi wakimaliza nafasi ya tatu, leo nao wako kwenye hamsini. Iringa, waliokuwa wakikipiga Samora enzi zao kisha wakaumia kama mashabiki Juni 2019, pale Lipuli ilipolala 1-0 kwa Azam kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, nao magoti yameanza kuwadai.

Sasa, je, ushindani umekwisha? Kwenye soka, kwa kweli, umekwisha. Kasi haiombwi radhi. Beki wa miaka 58 anaweza kusoma mchezo kuliko kijana yeyote uwanjani, lakini kijana akishampita amempita. Mchezo unaompa mtu wa umri huo mashindano halisi, yenye kadi, namba na orodha ya matokeo, ni gofu. Na kwa bahati Nyanda za Juu Kusini zina mlango wake, kule Mufindi.

Shabiki wa kandanda akisikia gofu, kitu cha kwanza anachosema ni kwamba ule ni mchezo wa wakubwa. Kuna ukweli hapo. Klabu zina ada, fimbo si bei ya mpira wa mchangani, na viwanja nchini ni vya kuhesabu. Lakini ukweli huo haujakamilika, kwa sababu wengi wa mapro wa Tanzania walianza kama makedi, vijana wa kubeba mifuko ya fimbo za wengine, wakajifunza kwa kutazama na kupiga jioni wenye uwanja wakishaondoka. Hawakuzaliwa na fimbo za dhahabu.

Wanasoka wenyewe wameshaijua siri hii. Gareth Bale aliposhinda na Wales mwaka 2019 alisherehekea nyuma ya bendera iliyoandikwa Wales, gofu, Madrid, kwa mpangilio huo huo, na Hispania yote ikachachamaa. Alistaafu soka Januari 2023. Mwezi uliofuata alikuwa Pebble Beach, Marekani, akicheza kama mchezaji wa ridhaa sambamba na mapro. Wengine waliotundika daluga huchukua muda mrefu kutafuta kitu cha kufanya; yeye alichukua wiki chache.

Lakini Bale alikuwa na miaka 33. Kinachomhusu mzee wa Mbeya zaidi ni kisa cha Tom Watson. Julai 2009, kwenye The Open pale Turnberry, Scotland, Mmarekani huyo alikuwa na miaka 59, miezi miwili kabla ya kufika 60, na miezi tisa tu tangu afanyiwe upasuaji wa kubadilishiwa nyonga. Alifika shimo la mwisho, la 72 la mashindano, akiongoza dunia nzima. Alichohitaji ni kulimaliza kwa mikwaju minne ya kawaida. Akapiga mitano, akaingia kwenye mikwaju ya ziada na Stewart Cink, na huko akachoka. Alishindwa, ndiyo. Lakini ni mchezo gani mwingine mkubwa ambao babu mwenye nyonga ya chuma hukaribia hivyo kuwafunga vijana wa miaka 25?

Watson alikuwa pro. Kwa wachezaji wa ridhaa, dunia imeshawapangia wakongwe mashindano yao siku nyingi. Marekani ilianza ubingwa wa taifa wa wakongwe wa ridhaa mwaka 1955, kwa wanaume wenye miaka 55 na kuendelea, na wa wanawake ukafuata mwaka 1962, wao kuanzia miaka 50. Uingereza ina ubingwa wa aina hiyo tangu 1969. Kwetu, kwenye mashindano mengi ya klabu, wakongwe huwa kundi lao ndani ya mashindano ya wote: kuna divisheni A, B na C, kuna wanawake, kuna vijana, kuna wakongwe. Umri wa kuingia kundi hilo huandikwa na waandaaji kwenye fomu, kwa hiyo mtu aisome fomu kabla ya kuanza kujisifu.

Kitu kinachoifanya gofu ya wazee iwe na ushindani wa kweli kinaitwa handikapu, na hapa ndipo shabiki wa soka anapopotea. Basi aichukulie hivi. Prisons wanacheza na timu ya mtaa. Kwa kuwa kila mtu anajua nani mkali, mtaa wanaanza mechi wakiwa na magoli manne mkononi. Prisons wakishinda 5-4 wamefanya kazi kweli. Wakitoka 4-4 mtaa wanatembea kifua mbele. Hayo magoli manne ndiyo handikapu. Tofauti ni kwamba kwenye gofu hayakisiwi na kamati ya ufundi ya kijiweni. Yanapigiwa hesabu kutokana na kadi za mtu mwenyewe, kwa mfumo mmoja wa dunia ulioanza kutumika mwaka 2020.

Ili apate namba yake, mchezaji mpya anatakiwa awe amecheza mashimo 54 na kuyaandikia kadi. Hiyo ni mizunguko mitatu ya mashimo 18. Viwanja vingi vya zamani nchini ni vya mashimo tisa, kwa hiyo mzunguko kamili ni kukizunguka kiwanja mara mbili. Kila kadi lazima itiwe saini na mtu aliyecheza naye. Kiwango cha juu kabisa cha handikapu ni 54, namba kubwa ambayo inamfaa hata mtu aliyeshika fimbo mwaka huu.

Tuseme ni beki wa zamani, miaka 57, na kiwanja chake kina ukadiriaji wa mikwaju 72 na ugumu wa wastani. Kadi ya kwanza amepiga mikwaju 110, ya pili 106, ya tatu 102. Kwa kadi tatu, mfumo unachukua ile bora, 102, unatoa 72, inabaki 30, kisha unampunguzia mbili. Anaanza maisha na handikapu 28. Akiendelea kucheza, kadi zikifika 20, namba yake itakuwa wastani wa zile nane bora kati ya 20 za karibuni. Na kama kuna shimo lilimtia wazimu akapiga mara 14 kwenye mchanga, asihofu: kwa mtu asiye na namba bado, shimo moja haliwezi kuhesabiwa zaidi ya mikwaju mitano juu ya kiwango chake.

Sasa siku ya mashindano. Beki wetu anapangwa na mhandisi mstaafu aliyecheza gofu miaka 30, handikapu 6. Mhandisi anapiga 78, kazi safi kabisa, akitoa sita zake inabaki 72. Beki anapiga 98. Mpira umeingia kwenye chai mara mbili, umegonga mti mara moja, lakini akitoa 28 inabaki 70. Beki kashinda. Hajapendelewa, hajahurumiwa. Amecheza vizuri kuliko yeye mwenyewe alivyozoea, basi. Jumatatu jina lake liko juu kwenye orodha, na kuna namba mbele yake. Hicho ndicho bonanza halimpi.

Mashindano mengi ya klabu hutumia pia mtindo wa pointi alioubuni daktari Mwingereza, Frank Stableford, uliochezwa kwenye klabu ya Wallasey mwaka 1932. Ukimaliza shimo kwa kiwango chake, baada ya kutoa handikapu, unapata pointi mbili. Mkwaju mmoja juu, pointi moja. Mkwaju mmoja chini, pointi tatu. Miwili juu au zaidi, sifuri, okota mpira uende shimo linalofuata. Wazee wanaupenda kwa sababu shimo moja bovu haliharibu siku nzima. Pointi 36 maana yake umecheza sawasawa na namba yako.

Mtu wa soka atauliza, na wizi je? Upo. Soka la vijana lina vijeba, watu wazima wenye cheti cha miaka 16. Mabonanza ya maveterani yana kijeba wa kugeuzwa: kijana wa miaka 31 anayeapa ana 41 ili awatimulie wazee vumbi. Kwenye gofu ya wakongwe, kudanganya umri hakumpi mtu faida kubwa kwa kuwa namba inasawazisha. Mjanja wa gofu anadanganya namba yenyewe. Siku za kawaida anapiga ovyo kwa makusudi, handikapu inapanda, kisha siku ya mashindano anakuja kama simba. Dawa yake ni kamati ya handikapu ya klabu, ambayo ina mamlaka ya kuishusha namba ya mtu inayetilia shaka, na macho ya wenzake wanaosaini kadi. Klabu ni ndogo, watu wanajuana. Anayefanya hivyo mara mbili hupata jina, na jina hilo halifutiki.

Refa hayupo vichakani. Mchezaji akiugusa mpira wake ukasogea, anajitangazia adhabu mwenyewe. Mpira ukipotea ana dakika tatu za kuutafuta, zikiisha anarudi alikopigia na kuongeza mkwaju wa adhabu. Kwa watu waliokulia kwenye kumzonga refa hadi kadi ya njano inatoka mfukoni yenyewe, hii ndiyo huwa ngumu kuliko kupiga mpira.

Zawadi nazo zina sheria. Mchezaji wa ridhaa haruhusiwi kupokea fedha taslimu kwenye mashindano yanayohesabiwa kwa handikapu, na zawadi yake haitakiwi kuzidi thamani ya dola 1,000 za Marekani, kikomo kilichopangwa tangu 2022. Ndiyo maana washindi wa gofu huonekana gazetini wamekumbatia vikombe na televisheni. Mbuzi, kwa wanaojiuliza, hajakatazwa.

Turudi barabarani, maana hapo ndipo penye kazi. Klabu ya Mufindi iko katikati ya mashamba ya chai mkoani Iringa, kusini mwa Mafinga, na ni moja ya klabu za gofu za nchi hii sambamba na Gymkhana ya Dar es Salaam, Lugalo, Morogoro, Arusha na zile za Moshi. Kutoka Iringa mjini hadi Mafinga ni kama kilomita 80. Kutoka Mbeya ni kama 250: Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, halafu Mafinga, na hapo unaacha barabara kuu kuingia mashambani. Kwa mtu wa Iringa ni safari ya asubuhi na kurudi jioni. Kwa mtu wa Mbeya ni kulala, isipokuwa awe na gari na roho ngumu.

Uwanja wenyewe una tabia zake. Ni juu, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kidogo kuliko Dar es Salaam. Usidanganyike, kwa sababu Juni na Julai ukungu unakula mpira huo huo ukiwa angani, na msimu wa mvua majani yanakuwa mazito kama blanketi lililoloa. Mzunguko wa mashimo 18 kwa miguu ni kilomita nane hadi kumi, milima kwa mabonde. Mwenye presha akapime kwanza. Na goti la mbele, lile la kushoto kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, ndilo linalobeba msokoto wa kila mkwaju. Waliochanika goti kwenye soka wajifunze kwa mwalimu tangu siku ya kwanza, wasijifunze kwa kuiga runinga.

Ukitoka Mufindi, ngazi inayofuata iko mbali zaidi. Mfululizo uliochangamsha gofu ya Tanzania mwaka 2024, Lina PG Tour, uliopewa jina la marehemu Lina Nkya, mwanamama aliyeitumikia gofu kama mchezaji na kiongozi, ulizunguka viwanja vya Moshi, Morogoro, Arusha na Dar es Salaam, mapro na wachezaji wa ridhaa pamoja. Lugalo, klabu iliyo chini ya JWTZ, ina CDF Trophy yake, na pale mwanajeshi mstaafu mwenye mfuko wa fimbo ni jambo la kawaida kabisa. Wazo la kuzunguka uwanja hadi uwanja ni zuri. Ila kwa mzee wa Mbeya, Morogoro ni kuvuka Iringa, kuteremka Kitonga na kukatiza Mikumi, na Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000. Msimu mzima wa namna hiyo ni nauli, hoteli na ruhusa ya nyumbani, na hiyo ya mwisho si rahisi kuliko mbili za kwanza.

Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba kanda iliyotoa Tukuyu Stars, Prisons, Mbeya City na Lipuli, yenye mamia ya wanasoka wastaafu ambao miguu inakataa lakini moyo haujakata tamaa, inalazimika kusafiri hivyo kutafuta mashindano. Kituo kimoja tu cha mfululizo kama huo kikiletwa Mufindi, wazee wa mikoa hii miwili wangecheza nyumbani mara moja kwa mwaka, na wenye viwanja vya kaskazini wangeonja ukungu wa kwetu.

Mpaka hapo, utaratibu wa kuingia si wa kutisha. Mtu anajiunga na klabu iliyo chini ya Chama cha Gofu Tanzania, TGU. Wanawake wana chama chao pia, TLGU. Anachukua masomo machache. Hahitaji kununua fimbo 14, ambayo ndiyo idadi ya juu inayoruhusiwa. Nusu ya hizo, zilizokwishatumika, zinamtosha mwaka mzima. Anacheza, anaandika kadi, anapata namba. Mashindano yakitangazwa, nahodha wa klabu ndiye wa kuulizwa fomu, tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, kikomo cha handikapu kama kipo, na saa ya kuanza. Hiyo saa iheshimiwe. Timu ya bonanza inaweza kumsubiri mlinda mlango aliyechelewa basi. Kwenye gofu, anayechelewa hadi dakika tano anaanza na adhabu ya mikwaju miwili, na akizidisha hapo anaondolewa.

Wapo watakaojaribu na kurudi kwenye bonanza lao, na mbuzi atakuwa bado pale. Wapo pia watakaofanya vyote: soka la dakika 20 Jumapili, na Jumamosi moja kila mwezi basi la alfajiri kutoka Mbeya, mfuko wa fimbo kwenye buti, kondakta akiuliza, "Mzee, hizo ni za kuchungia nini?" Wakishuka Mafinga bado kuna kipande cha kwenda mashambani, kisha mashimo 18. Kadi ya kwanza ikishasainiwa jioni hiyo, zinabaki mbili.